Mita 60 kutoka mtoni: sheria inamtaka nini mkulima wa Kyerwa na Karagwe?

Kiangazi kinapokaza, bondeni ndiko kunakobaki na unyevu. Maharage, nyanya na mboga hustawi huko wakati mlimani migomba imeanza kukunja majani. Ndiyo maana kwa wasikilizaji wetu wa Isingiro, Kaisho, Murongo na kwingineko swali la mita 60 ni swali la chakula: je, ni kweli hairuhusiwi kulima karibu na maji?

Sheria inasemaje

Jibu lipo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57. Ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bahari au bwawa, kifungu hicho kinazuia shughuli za aina mbili: zile za kudumu, na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu eneo hilo.

Nyumba au shamba la migomba ni vitu vya kudumu, hapo hakuna ubishi. Lakini anayesema, "Mimi napanda maharage ya miezi mitatu tu," naye hajatoka kwenye sheria. Kama jembe lake linaachia udongo ukamwagika mtoni, sehemu ya pili ya kifungu inamgusa.

Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Kwa uhakika, chukua kamba ya mita 30, ipime mara mbili kuanzia ukingoni.

Kwa nini kuwe na mpaka huo

Mafunjo na nyasi za ukingoni hukamata udongo unaoshuka na mvua. Zikifyekwa, udongo ule wenye rutuba, pamoja na mbolea na dawa za shambani, huingia majini. Anayepoteza kwanza ni mwenye shamba, kisha anayechota maji chini yake.

Mikataba ya nchi jirani

Mto Kagera hauanzii kwetu wala hauishii kwetu. Maji ya Ruvubu kutoka Burundi na Nyabarongo kutoka Rwanda hukutana karibu na Rusumo, yakapita mpakani mwa Karagwe na Kyerwa, na mwishowe huingia Ziwa Victoria upande wa Uganda. Ndio mto mkubwa kuliko yote inayomwaga maji katika ziwa hilo, na magugu maji yalipita humo kufika ziwani.

Kwa hiyo nchi hizi zimelazimika kukubaliana. Mwaka 1977 Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia saini mkataba wa bonde la Kagera huko Rusumo, na Uganda ikajiunga baadaye. Mwaka 2003 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka itifaki ya maendeleo endelevu ya bonde la Ziwa Victoria. Kamisheni yake iko Kisumu, Kenya.

Maji haya pia ni ya Mto Nile. Mwaka 1962 Tanganyika ilikataa kufungwa na makubaliano ya 1929 kati ya Uingereza na Misri, yaliyowekwa enzi za ukoloni. Mkataba mpya wa ushirikiano wa bonde la Nile ulisainiwa Entebbe mwaka 2010, Tanzania ikiwemo, na ukaanza kufanya kazi Oktoba 2024. Misri na Sudan hazijauridhia.

Mkataba haumtumi askari shambani kwako. Unaifunga serikali, nayo serikali hutekeleza kwa sheria za nchi, kama hiyo ya 2004.

Haki yako nayo ipo

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinaruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Jirani anayechafuliwa maji ana pa kusemea, hata kama anayechafua ana uwezo kumzidi.

Kabla ya kupanda, pima. Ukiwa na shaka, muulize mtendaji wa kijiji, kamati ya mazingira au afisa mazingira wa wilaya, tena mapema, mbegu zikiwa bado ghalani. Ukiambiwa uondoke, uliza kwa heshima mambo mawili: ni kifungu gani, na kipimo kimeanzia wapi.