Kilio cha mtoto Misani: Wajibu ni wa mzazi peke yake?

KWA mama anayeishi kwenye ukanda mkavu wa barabara kuu ya Mombasa, kama vile Miasenyi, kwenda Misa na watoto wadogo ni safari. Humfunga mmoja mgongoni, humshika wa pili mkono, na huondoka nyumbani mapema kabla jua halijawa kali.

Akishafika, huenda mahubiri yasimalizike kabla mtoto hajaanza kulia au kukimbia katikati ya viti. Waumini hugeuka na kumtazama. Mama huona haya, akatoka nje. Hali hiyo ikirudiwa Jumapili kadhaa, mwishowe hubaki nyumbani, na watoto hubaki pamoja naye.

Je, Kanisa Katoliki linamtaka mzazi afanye nini?

Kisheria, mtoto mdogo hana wajibu wa kuhudhuria Misa. Kanuni ya 1247 huwaamuru waumini kushiriki Misa kila Jumapili na sikukuu zilizoamriwa, lakini kanuni ya 11 hueleza kwamba sheria za Kanisa huwabana waliotimiza umri wa miaka saba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo hutaja malezi ya mtoto mchanga kuwa miongoni mwa sababu nzito zinazoweza kumwondolea mtu wajibu wa Jumapili. Kwa hivyo mama aliyekosa wa kumwachia mtoto hana haja ya kujihukumu.

Hata hivyo, ruhusa ya kutokwenda si agizo la kutokwenda. Siku ya Ubatizo, wazazi hukubali mbele ya padri kumlea mtoto katika imani. Mwaka 1910, Papa Pius wa 10 aliagiza watoto waanze kupokea Ekaristi wakiwa na umri wa miaka saba hivi, wakati sehemu nyingi ziliwasubirisha hadi miaka 10 au zaidi.

Maana yake ni kwamba kati ya Ubatizo na Komunyo ya Kwanza kuna miaka michache tu, na katika miaka hiyo mwalimu wa kwanza wa mtoto ni mzazi. Anayelijua kanisa kwa mara ya kwanza siku ya kuanza mafundisho huingia kama mgeni.

Lakini mzigo huu si wa mzazi pekee. Mwongozo kuhusu Misa za watoto, uliotolewa na Vatikani mwaka 1973, unasema kwamba watoto wasioweza au wasiotaka kushiriki wanaweza kutunzwa na wasaidizi wa parokia mahali pa kando, kisha waletwe mwishoni kupokea baraka pamoja na jumuiya. Walio ndani wasipuuzwe: padri anaweza kuwasemesha moja kwa moja mwanzoni mwa Misa au katika mahubiri. Inawezekana pia wasomewe Neno la Mungu katika chumba chao, kisha warejee kwa wazazi sehemu ya Ekaristi inapoanza.

Hayo hayahitaji jengo kubwa. Kigango chenye mti wa kivuli na vijana wawili wa kuaminika kinaweza kuyatekeleza.

Kwa upande wake, mzazi na ahakikishe mtoto amekula na kwenda msalani kabla ya ibada. Ni heri aketi mbele, kwani mtoto asiyeona ila migongo ya watu wazima huchoka upesi. Amnong'oneze kinachotendeka altareni. Kilio kikizidi, atoke naye, atulie, kisha arudi. Kutoka si kushindwa. Nao wanaume wasijitenge: baba na msimamizi wa Ubatizo wanaweza kupokezana mtoto na mama.

Anayetaka kunyonyesha asione haya. Januari 2014, akibatiza watoto katika Kanisa Dogo la Sistine, Papa Francis aliwaambia akina mama wawanyonyeshe watoto wenye njaa bila kusita.

Jumuiya ndogo ndogo nazo ni darasa jema. Mtoto anayesali na majirani nyumbani katikati ya wiki hujifunza kutulia, na wanaomzunguka Jumapili si wageni kwake.

Ni kweli muumini ana haki ya kusali kwa utulivu, na mzazi asiyejali humkosea jirani yake. Lakini tangu wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bura mwaka 1892, imani ya Kikatoliki katika nchi ya Wataita imedumu kwa kurithishwa kutoka kizazi hadi kizazi.

Injili ya Marko, sura ya 10, husimulia kwamba waliowakemea watu walioleta watoto kwa Yesu walikuwa wanafunzi wenyewe, na kwamba Yesu alichukizwa nao. Anayemgeukia mama kwa jicho kali Jumapili ijayo na akumbuke aliyekaripiwa siku ile ni nani.