Muuguzi wa Kirewa na Maktaba ya Mfukoni

Kati ya mwezi wa Aprili 2009 na mwezi wa Mei 2010, askari wa Umoja wa Afrika waliokuwa wakilinda mji wa Mogadishu, vijana wa Uganda na Burundi, walipatwa na maradhi ambayo hapo kwanza hayakutambulika. Miguu ilivimba, pumzi zikawa fupi, na mioyo ikashindwa na kazi yake. Waliohesabiwa kuwa wagonjwa walikuwa 241. Wasiopungua 50 walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda. Wanne walifariki dunia. Hawakuuawa na risasi wala bomu. Uchunguzi ulipokamilika ilibainika kwamba ni beriberi, yaani upungufu wa vitamini B1, maradhi yanayomshika mtu aliyeishi muda mrefu kwa chakula cha aina moja kilichokaa ghalani. Wagonjwa walipopewa vitamini hiyo walipata nafuu upesi.

Beriberi si jambo jipya. Christiaan Eijkman, mganga wa jeshi la Uholanzi, aliichunguza huko Java mwishoni mwa karne ya 19, na kazi hiyo ikampatia tuzo ya Nobel mwaka 1929. Basi elimu ilikuwapo kwa zaidi ya miaka mia moja. Lililokosekana ni kuwa karibu na mkono wa yule anayemtazama mgonjwa saa ile ile. Taarifa kamili ya mkasa wa Mogadishu ilichapishwa mwaka 2011 katika jarida la PLoS ONE, ambalo mtu yeyote mwenye simu ya intaneti aweza kulisoma bila kulipa ada. Twawasihi waganga na wauguzi wa vikosi vyetu waisome, kwa maana inawahusu kuliko inavyowahusu maprofesa.

Tumeanza na Mogadishu, lakini nia yetu ni kuzungumzia Kirewa. Kirewa ni gombolola la Padhola, wilayani Tororo, si mbali na Nagongera, mahali ambapo askari aliye likizoni hushuka kwenye bodaboda na kupokewa na jamaa zake. Mtoto wake akishikwa na homa usiku, hatakutana na daktari bingwa. Atakutana na muuguzi au mkunga, pengine aliyehitimu miaka 15 iliyopita, ambaye vitabu vyake ni vile alivyotoka navyo chuoni. Tiba inabadilika, kitabu cha chuoni hakibadiliki. Hapo ndipo penye hatari tunayoizungumzia.

Zamani maarifa mapya yalifika vijijini kwa posta, yalipofika. Maktaba ya Albert Cook ya Chuo Kikuu cha Makerere ilikuwa ikichapisha kijarida cha muhtasari wa habari za tiba na kukipeleka kwa wahudumu wa mashambani, kazi iliyostahili sifa kubwa kuliko ilizopata. Mwaka 2003 ukaja mpango mwingine, uliosaidiwa na Kanada, ambao uliwapa wahudumu wa Mbale na Rakai kompyuta ndogo za mkononi. Mhudumu alipokisogeza chombo chake karibu na kisanduku kilichounganishwa na mtandao wa simu, takwimu za wagonjwa wake zilikwenda wilayani, na makala za tiba zikaingia ndani ya chombo. Vyombo hivyo leo ni vya kale, lakini wazo lake lilikuwa sahihi: asiyeweza kwenda maktabani aletewe maktaba.

Maktaba iliyo kubwa kuliko zote ilifunguliwa mwezi wa Januari 2002. Shirika la Afya Duniani, likishirikiana na wachapishaji wakubwa wa Ulaya na Marekani, lilianzisha HINARI, mpango unaoziruhusu taasisi za nchi zenye pato dogo kusoma majarida ya tiba ama bure ama kwa ada ndogo. Ulianza na majarida 1,500 hivi. Leo unatoa maelfu kwa maelfu. Uganda imo katika kundi la wasiolipa. Hata hivyo mlango wake hufunguliwa kwa ufunguo wa taasisi, wala si wa mtu binafsi. Chuo, hospitali au idara hujiandikisha, hupewa neno la siri, na kulikabidhi kwa wasomaji wake. Mwanafunzi wa uuguzi aliye chuoni anao ufunguo huo, iwapo chuo chake kimejiandikisha na mkutubi wake hajaufungia katika saraka. Siku anapohitimu na kupangiwa kituo cha kijijini, mara nyingi anauacha nyuma.

Jambo hili linatuuma zaidi tunapotazama mambo ya Nagongera. Kati ya mwaka 2011 na 2013 watafiti walihesabu huko kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 310 kwa mtu mmoja kwa mwaka, yaani karibu kila usiku. Watu wa Padhola ndio waliotoa damu yao na kuwafungulia wakamata mbu milango ya nyumba zao. Nyumba zilipopuliziwa dawa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2014, homa ilipungua sana. Dawa ilipobadilishwa mwaka 2020, ikapanda tena. Mambo haya yote yameandikwa, tena kwa ufasaha, katika majarida ya ng'ambo. Yu wapi muuguzi wa Kirewa ambaye ameyasoma? Elimu iliyochimbwa mlangoni pake imesafiri hadi London na Boston, naye anaisikia redioni.

Lakini yako mambo makubwa kuliko takwimu za mbu. Kwa miaka mingi wahudumu walifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye mikono yake imepoa na damu haizunguki vema, aongezewe maji mshipani kwa haraka. Ilionekana ni akili ya kawaida. Mwaka 2009 uchunguzi ulianza katika hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania, mojawapo ikiwa Mbale, jirani zetu wa kaskazini. Watoto 3,141 walihusika. Mwezi wa Januari 2011 uchunguzi ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliomiminiwa maji kwa haraka walikuwa wakifa zaidi: katika saa 48 za kwanza walifariki watoto 10 na zaidi kwa kila 100, na katika wale wasiomiminiwa 7 hivi. Matokeo yalichapishwa mwaka huo huo. Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake mwaka 2016.

Tufahamiane vizuri. Uchunguzi huo haukuwahusu watoto wanaoharisha na kukaukiwa. Hao wanahitaji maji, na anayewanyima anawaua. Ndiyo maana hatupendi habari za nusu nusu. Mhudumu aliyesoma kichwa cha habari tu anaweza kufanya madhara sawa na yule ambaye hakusoma kabisa.

Na habari za nusu ndizo zinazokimbia kuliko zote. Katika kambi na vituo vya polisi, kila kikosi kina kundi lake la WhatsApp, na kila wiki humo hupita dawa ya kisukari, dawa ya shinikizo la damu, mizizi ya kuondoa kila ugonjwa, pamoja na sauti ya "daktari" asiye na jina. Askari hapokei amri isiyo na sahihi wala tarehe. Kwa nini apokee tiba isiyo na sahihi wala tarehe? Kanuni za Tiba za Uganda, zinazotolewa na Wizara ya Afya, zinapatikana bure katika mtandao. Toleo la 2016 lilifuatwa na la 2023. Zikishawekwa katika simu zinasomeka bila intaneti, hata katika doria. Kwa asiyestarehe na Kiingereza, kile kitabu mashuhuri cha David Werner kimetafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari, ingawa msomaji atazame tarehe ya toleo kabla ya kufuata kipimo chochote cha dawa.

Ng'ambo ya mpaka wa Busia wenzetu walikwenda mbele mapema. Tangu mwaka 2005 shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya waliwawezesha wauguzi wa ngazi ya cheti kujiendeleza hadi stashahada kwa njia ya kompyuta, bila ya kuziacha wodi zao. Hatuoni sababu ya muuguzi wa hospitali ya kijeshi ya Rubongi, au wa zahanati ya polisi, kukosa nafasi kama hiyo.

Liko bado suala la gharama. Mwezi wa Julai 2018 ilitozwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, na muuguzi aliyetaka kumuuliza mwenzake wa Tororo swali la mgonjwa kwa WhatsApp alilipa sawa na aliyetaka porojo. Mwezi wa Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya intaneti yenyewe. Bunge lilitumia busara kwa kuisamehe intaneti inayotumika kwa huduma za tiba na elimu. Lakini muuguzi wa Kirewa hununua intaneti yake dukani, kwa fedha za mfukoni, na muuza duka hamwulizi ataitumia kwa kazi gani.