Kiluwiluwi Kipi Huzaa Mbu wa Malaria?

Wazazi wa mtoto niliyemlaza kwa malaria kali waliniambia wamefukia kila dimbwi chafu nyumbani. Majaruba yao ya Mabogini hawakuyashuku: maji yatokayo chemchemi ya Njoro ni masafi.

Chota maji hayo kwa bakuli jeupe, kisha utulie. Kiluwiluwi kinachoning'inia kichwa chini, mrija wake wa kupumulia ukigusa uso wa maji, ni cha kuleksi, asiyeambukiza malaria. Kinacholala sambamba na uso wa maji, bila mrija, ni cha anofelesi. Huyu hupenda jaruba lililopandwa karibuni, linalopigwa na jua. Mpunga ukishafunika maji, hupungua.

Spishi iliyoenea huku, Anopheles arabiensis, haitofautiki kwa macho na nduguye gambiae. Maabara hupima vinasaba. Mkulima hahitaji kufika huko.

Kiluwiluwi hujivua ngozi mara nne, mara ya mwisho kikawa pupa. Penye joto la kutosha, tangu yai hadi mbu ni siku 10 hivi. Jaruba likikaushwa mapema, udongo ukakauka kweli, kiluwiluwi hufa kabla ya kuota mabawa.