Nilimgombeza jirani kwa kuua intaneti, kumbe waya ni wangu

Jumatatu saa mbili asubuhi, nikiwa nimebakisha saa mbili kamili kuwasilisha kazi, intaneti ilikufa.

Kazi yenyewe ni ya kuandika yale maneno yanayopita chini ya video. Mteja yuko ng'ambo, hanijui sura, na kwake makataa ni makataa. Ukichelewa anakukata pesa. Ukichelewa mara tatu jina lako linatoka kwenye orodha. Mimi nilikuwa tayari na mara mbili.

Hebu nikuchoree keja kwanza. Tuko Pipeline, ghorofa ya tatu, nyumba nne tunachangia bili moja ya 3,000, kila mmoja 750. Ruta iko kwangu, na kompyuta yangu nimeichomeka humo moja kwa moja. Halafu kuna waya unaovuka koridoo hadi namba 9, kwa mama mmoja anayepika chapati jioni, kwa vile yuko katikati. Juu ya kabati la TV yake kuna swichi ya matundu manane. Si swichi ya taa, ni kile kisanduku cha kugawa intaneti. Hapo ndipo namba 11 na namba 14 wanapata yao.

Utauliza mbona nyaya na wifi iko. Njoo ukae huku. Kwenye masafa ya 2.4 GHz kuna chaneli tatu tu zisizogongana, yaani 1, 6 na 11, na katika jengo letu kila mlango una ruta inayopiga kelele. Ongeza kuta za zege. Waya haujui mambo ya majirani.

Sasa, intaneti imekufa. Nikatazama kisanduku cha fiba. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu ujue mwanga haufiki, labda fiba imekatwa barabarani, na hapo huna la kufanya ila kungoja fundi. Yangu ilikuwa imezimika, maana yake sawa. Nikapiga simu huduma kwa wateja hata hivyo. Dakika 25 za muziki, kisha nikaambiwa nizime, ningoje, niwashe. Nikazima, nikangoja, nikawasha. Ikashika sekunde chache, ikafa tena.

Nikafungua ile dirisha nyeusi ya amri, nikaandika ipconfig. Anwani ikaja inaanza na 169.254. Hiyo namba uikariri. Ni kompyuta kujipa anwani yenyewe baada ya kuomba kwa ruta na kukosa jibu. Kama ingekuwa 192.168 na nini nini, ningejua kompyuta na ruta wanaongea, na shida iko huko nje. Lakini hawakuwa wanaongea, na kati yao kuna waya wa mita moja tu. Nikabadilisha huo waya. Wapi.

Hapo ndipo akili iliniruka nikamkumbuka kijana wa namba 14.

Huyu alikuwa na deni la miezi miwili. Ijumaa jioni nilimkata. Nilichomoa waya kwenye mlango wake, nikauvuta wote kupitia koridoo mpaka namba 9, nikauzungusha na kuuacha juu ya kabati. Upande ule mwingine sikuuchomoa kwenye swichi. Nilikuwa na hasira, na chapati zilikuwa zinanukia vizuri.

Kwa hiyo Jumatatu nikaona wazi, huyu amelipiza. Nikaenda nikagonga mlango kama polisi. Akafungua na mswaki mdomoni. Nikamwaga yote pale koridoo, kwamba ni mwizi, kwamba ameharibu mali ya watu, kwamba mimi nitakosa kazi kwa sababu yake. Milango ikafunguka. Akatema povu, akasema polepole, "Buda, waya yangu si ulienda nayo Ijumaa? Ningeharibu na nini?"

Sikuwa na jibu. Wala sikuomba msamaha. Nilirudi ndani nikafunga mlango, na saa ilikuwa nne na dakika kumi.

Ndipo nikafanya kile ambacho ningefanya saa mbili na dakika tano. Chuoni, kabla karo haijaisha nikaacha diploma ya mitandao muhula wa tatu, mwalimu mmoja alikuwa akituambia tusikisie, tugawe nusu. Chomoa nusu ya mtandao, uone kama nusu iliyobaki inapumua. Nikachomoa kwenye ruta ule waya mmoja unaoenda namba 9.

Intaneti ikarudi papo hapo. Anwani 192.168.1.5, kila kitu shwari. Nikapandisha video, ikafika saa nne na dakika 22. Nimechelewa, ndiyo.

Lakini sasa nilijua ugonjwa uko upande wa pili wa ule waya, na namba 11 kuna dada aliyekuwa na darasa la mtandaoni saa tano. Nikaenda kwa mama wa chapati.

Swichi nilipoiona nilijua. Kwa kawaida taa zake hupepesa ovyo, kila moja na mdundo wake. Asubuhi hiyo zote zilikuwa zinapepesa pamoja, kwa kasi, bila kupumzika. Nikaanza kuchomoa waya mmoja mmoja. Wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, hakuna. Wa tatu, taa zikatulia kama mtu amezima muziki. Nikaufuata huo waya kwa vidole uone unaenda wapi. Ulizunguka nyuma ya kabati, ukarudi, ukaingia tundu jingine la swichi ileile.

"Mama, ni nani ameshika hapa?"

"Ni msichana wangu, yuko likizo. Alikuwa anapanguza vumbi asubuhi. Aliona hiyo waya yako inaning'inia, akaona shimo haina kitu, akairudisha. Kwani amekosea, kijana wangu?"

Hakukosea. Mwenye kuacha waya umechomekwa upande mmoja ni mimi.

Kinachotokea ni hiki. Mashine kwenye mtandao wa nyumbani kila mara hutoa tangazo kwa wote, kama vile nani ana anwani fulani, au nani atanipa anwani. Swichi ikipata tangazo hulitoa kwenye matundu yote isipokuwa lile lilikoingilia. Sasa waya ukizunguka, tangazo linatoka tundu hili, linaingia lile, linatolewa upya, linarudi tena. Pakiti za intaneti zina hesabu inayopungua kila zikipita ruta, mwishowe zinakufa. Fremu za Ethernet hazina hesabu hiyo, zinazunguka milele. Tangazo moja linajaza nyaya zote, na ruta yangu upande ule mwingine inazama kwenye kelele hata haisikii kompyuta iliyo mita moja kando yake. Ndiyo sababu kuizima kulisaidia sekunde chache tu.

Dawa yake si ya jana. Mwaka 1985 Radia Perlman, akiwa Digital Equipment Corporation, alibuni utaratibu uitwao STP, ambao hugundua njia ya mzunguko na kuifunga. Swichi za ofisini huwa nao. Hizi ndogo za bei ya chini tunazonunua mjini nyingi hazina, ingawa kuna zenye kinga yake ya mzunguko. Ukienda dukani, uliza hilo kabla ya kuuliza rangi.

Nilirudisha waya wa namba 11, dada akaingia darasani. Kisha nikauvuta ule mwingine koridoo nzima mpaka namba 14. Kichwa chake kilikuwa kimevunjika kile kiulimi, Ijumaa niliuchomoa kwa nguvu. Nikatoa koleo langu nikaubana kichwa kipya pale mlangoni, yeye akishikilia tochi ya simu. Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Akachomeka, laptopu ikasoma 100 badala ya 1000. Hiyo ni ishara kwamba jozi moja haijagusa, kwa sababu 100 huhitaji jozi mbili tu, 1000 hutaka zote nne. Nikakata, nikarudia. Ikasoma 1000.

Nikamwambia pole kwa ile kelele ya asubuhi. Akasema sawa, halafu akanionyesha simu yake. Tangu Ijumaa alikuwa ametumia bando za shilingi 600 akituma maombi ya kazi, na anataka zitolewe kwenye lile deni la 1,500.

Nimemwambia nitafikiria. Mama wa namba 9 anasema hakuna cha kufikiria hapo.