Ukimkata Ng'ombe Kwenye Ritifaa

Mstari huu ulinikosesha usingizi siku mbili:

417,Duka la Vifaa,S.L.P. 90, Tanga,1,250,000

Ni kumbukumbu ya mteja: namba, jina la duka, anwani na deni. Mtu akiusoma anaelewa papo hapo kwamba duka linadaiwa shilingi milioni moja na robo. Mimi niliiamuru programu iukate kila penye mkato, nikitarajia vipande vinne. Nikapata saba. Kipande cha nne, ambacho kilipaswa kuwa deni, kikasomeka "Tanga".

Kompyuta haikukosea. Kwake maandishi ni mfuatano wa herufi, kama shanga zilizotungwa kwenye uzi, na nafasi tupu nayo ni ushanga. Ukiiambia ikate penye mkato, hupita ushanga mmoja baada ya mwingine. Ikikuta mkato inautupa na kuanza kipande kipya. Mkato unaotenga safu na mkato uliomo ndani ya anwani kwake ni kitu kimoja. Kwa sababu hiyo mafaili ya CSV, yaani yale yanayotenga safu kwa mkato, yana utaratibu, ulioandikwa mwaka 2005 katika waraka uitwao RFC 4180: kipande chenye mkato ndani yake hufungwa kwa alama za kunukuu. Faili la namna hiyo lisomwe kwa zana iliyotengenezewa CSV, na lugha ya programu ya Python inayo tayari. Amri ya kawaida ya kukata, split, haizijui alama hizo.

Hata split yenyewe hubadilika kulingana na unavyoiita. Katika Python, usipoitajia alama yoyote, huzihesabu nafasi mbili au tatu zilizofuatana kuwa moja. Ukiitajia nafasi, "unga  mchele" yenye nafasi mbili katikati hutoa vipande vitatu, cha kati kikiwa kitupu. Lugha ya Java nayo huchukua nukta kuwa na maana ya "herufi yoyote", kwa hiyo ukiiambia ikate "S.L.P" penye nukta inakurudishia orodha tupu.

Lakini mtego unaoniuma zaidi umo katika lugha yetu wenyewe. Programu nyingi za kuhesabu au kutafuta maneno hukata kila panapotokea alama isiyo herufi wala tarakimu, na ritifaa (') huingia katika kundi hilo. Ng'ombe anakuwa "ng" na "ombe". Ng'ambo inakuwa "ng" na "ambo". Ng'oa inabaki "ng" na "oa", hivyo anayetafuta habari za kuoa analetewa habari za kung'oa jino. Kwetu ritifaa si alama ya kituo. Ni sehemu ya sauti, na bila hiyo neno si lile tena.

Tena ritifaa ziko mbili. Ipo iliyonyooka, na ipo iliyopinda, ambayo simu na programu za uandishi mara nyingi huiweka zenyewe bila kukuuliza. Jicho halioni tofauti kubwa, ila kwa kompyuta neno lenye ritifaa hii na lenye ile ni maneno mawili mbalimbali.

Gharama yake huonekana kwenye ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, mradi zote zimo katika alfabeti ya msingi ya mfumo wa GSM. Ritifaa iliyonyooka imo, iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe wote huhamishiwa mfumo unaobeba herufi 70, na ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67. Chukua tangazo la chanjo ya ng'ombe lenye herufi 150. Kwa ritifaa iliyonyooka ni ujumbe mmoja. Kwa iliyopinda ni vipande vitatu, na anayetuma kwa wafugaji elfu moja hutuma vipande elfu tatu.

Dawa ni nyepesi: kabla ya kukata au kutuma, geuza kila ritifaa iliyopinda iwe iliyonyooka, kisha uiagize programu ihesabu ritifaa iliyo katikati ya herufi kuwa sehemu ya neno. Nawaomba wanaoandika programu kwa ajili ya watumiaji wa Kiswahili: kabla kazi haijatoka mikononi mwenu, ijaribuni kwa ng'ombe, kwa anwani yenye mji, na kwa milioni iliyoandikwa na mikato yake.