Bangi, Kiko na Msokoto: Maneno ya Uvutaji katika Nchi za Ziwa

Neno bangi asili yake ni Bara Hindi. Kwa Kihindi ni bhang, na kwa Kisanskriti bhanga. Lakini huko kwao bhang zaidi huliwa, au hunywewa pamoja na maziwa, na kwetu bangi huvutwa. Basi jina lilivuka bahari, desturi haikulifuata. Uvutaji wenyewe ni wa kale: vichwa vya viko vilivyofukuliwa katika pango la Lalibela, Ethiopia, vipatavyo karne ya 14, vilikutwa na masalio ya bangi, na wakati huo tumbaku ya Amerika ilikuwa bado haijafika.

Chombo hicho kilikuwa na msamiati kamili. Bori ndicho kichwa kitiwacho majani na moto. Digali ni mrija uteremkao kutoka borini hadi majini. Kiko chenyewe ni kifuu cha nazi chenye maji, na bara, kusiko na minazi mingi, ni kibuyu. Shilamu ni mrija wa kutia kinywani. Hata mlio wa maji una jina lake, malio ya kiko. Sijui chombo kingine kidogo hivi kilichopewa maneno mengi kama hayo.

Kiswahili kilifika Usukuma kwa njia ya misafara ya Unyanyembe, ile ile aliyoifuata Speke kutoka Kaze hata akaliona ziwa pale Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Leo kijana wa Mwanza hajui digali wala shilamu. Husema msokoto, kete, puli. Na ganja, ambalo nalo ni neno la Kihindi, ila limezunguka kwanza Jamaica, lilikopelekwa na vibarua wa Kihindi katika karne ya 19, ndipo likatufikia pamoja na muziki wa rege.

Maneno haya mapya si mzaha. Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 hupima kosa kwa uzito, na kete wala puli hazina gramu maalumu. Ni kipimo cha mkono wa mwuzaji. Tangu 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, puli husemwa mbele ya hakimu bila ya kufasiriwa, na miaka ya kifungo hutegemea mizani ya Mkemia Mkuu. Mtunga kamusi atakayeandika kwamba puli ni “kifungu cha bangi” tu atakuwa hajamsaidia hakimu, wala mshtakiwa.