Macho ya Mpiga Kinanda

Wapo wapiga kinanda na walimu wa kwaya wanaoacha huduma mapema wakidhani uzee umewapokonya kipaji, ilhali kilichobadilika ni lenzi ya jicho. Kuanzia takribani umri wa miaka 40, lenzi hiyo hupungukiwa na unyumbufu, na kusoma kwa karibu huwa taabu. Wengi hupimwa na kupewa miwani, lakini nota hubaki na ukungu.

Sababu ni umbali. Miwani ya kusomea hutengenezwa kwa kawaida kwa sentimita 40 hivi, mahali kinaposhikwa kitabu. Nota zilizo juu ya kinanda mara nyingi huwa sentimita 60 hadi 80 kutoka machoni, na mikono haiwezi kuzisogeza kwa kuwa ina kazi nyingine. Jicho lililopoteza unyumbufu wote huhitaji nguvu ya dayopta 2.5 kwa sentimita 40; kwa sentimita 70 huhitaji 1.4 tu. Nguvu iliyozidi hutia ukungu sawasawa na iliyopungua. Miwani ya sehemu mbili nayo huleta adha yake: sehemu ya kusomea iko chini, hivyo mpigaji huinua kidevu ibada nzima na kurudi nyumbani akilalamikia shingo.

Mgonjwa na aketi kama apigavyo, mwenzake apime kwa futikamba kutoka jichoni hadi kwenye karatasi, kisha apeleke kipimo hicho kliniki pamoja na ukurasa wenyewe. Mhudumu asiyeuliza kazi ya mgonjwa huandika miwani ya mtu mwingine.

Nota za solfa, zinazotumiwa na kwaya nyingi za Afrika Mashariki, zina mtego wake. Nukta, mkato na nuktapacha ndizo zinazogawa mapigo, na katika nakala iliyotolewa kwenye nakala nyingine alama hizo hufutika kwanza. Kukuza ukurasa wa A4 hadi A3 huongeza herufi kwa asilimia 41.

Kishikwambi husaidia kikilazwa kwa upana ili kionyeshe nusu ukurasa kwa maandishi makubwa, mwanga wake ukilingana na wa ukumbini, na kioo kisielekee dirisha. Lakini mtu anayekazia macho skrini hupepesa kope mara chache, na macho hukauka. Mapumziko kati ya nyimbo yatumike kuyafumba.

Iwapo mistari ya nota inaonekana kupinda, au taa huzungukwa na duara za mwanga, tatizo si miwani. Apelekwe kwa daktari wa macho bila kuchelewa.